Mdomo Umekufa Ganzi, Gego Bado Linauma: Kuzisoma Neva za Taya la Chini Kabla ya Kurudia Sindano

Mgonjwa anakuambia mdomo wa chini umekuwa mzito kama si wake, kidevu hakihisi kitu, nusu ya ulimi imelala. Robo saa imepita. Unaanza kutoboa gego la kwanza la chini, enameli inapita bila tabu, drili inagusa dentini, na mgonjwa anajivuta nyuma kwenye kiti. Hapo ndipo wengi hupakia katriji ya pili (kichupa cha dawa ya ganzi) na kuchoma palepale walipochoma mwanzo.

Mara nyingi ni kazi bure. Mdomo ukishakufa ganzi sawasawa, dawa imekwisha kuifikia neva ya meno ya chini, na kuongeza dawa mahali hapo hubadilisha kidogo sana. Cha kutafuta ni njia nyingine ambayo maumivu yanapitia. Mwongozo huu ni wa wenye mafunzo na kibali cha kuchoma ganzi ya meno, na wa wanafunzi wanaofanya kazi chini ya msimamizi.

Ramani ya kitabuni, na pale inapopotoka

Neva ya taya la chini ni tawi la tatu la neva ya tano ya fuvu. Hutoka kwenye sakafu ya fuvu kupitia tundu la umbo la yai, kisha hugawanyika: neva ya shavu, neva ya sikio na panja, neva ya ulimi na neva ya meno ya chini. Hii ya mwisho hushuka upande wa ndani wa ramusi, yaani bapa la mfupa linalopanda kutoka nyuma ya magego kuelekea sikioni. Huingia kwenye tundu la taya, husafiri ndani ya mfereji chini ya mizizi ya magego, na ikifika eneo la magego madogo hugawanyika mara mbili: neva ya kidevu inatoka nje, neva ya kato inaendelea mbele ndani ya mfupa.

Kwa picha ya kitabuni ni neva moja, tundu moja, mfereji mmoja kila upande. Kwa watu halisi mambo hayaendi hivyo siku zote, na kiwango cha kushindwa kinachotajwa zaidi kwa sindano ya kawaida ya taya la chini ni asilimia 15 hadi 20. Si zote ni kosa la anatomia. Nyingi ni kosa la mkono. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa chini zinahusu kuchoma vizuri, kabla ya kulaumu neva ya ziada.

Hatua ya 1: Soma picha kabla ya kushika bomba la sindano

Kama kuna picha ya eksirei ya taya zima, fuata mfereji kutoka kwenye tundu hadi kidevuni kwa kidole au kwa kalamu. Unatafuta mambo matatu: tundu liko juu au chini kiasi gani ukilinganisha na uso wa kutafunia wa magego, mfereji ni mmoja au umegawanyika, na tundu la kidevu liko chini ya jino gani.

Mfereji uliogawanyika huonekana kama jozi mbili za mistari myeupe. Lakini usikimbilie kuita kila mstari wa ziada mfereji wa pili. Alama ambayo neva ya milohioidi, tawi dogo la neva ya meno ya chini linalokwenda kwenye msuli wa sakafu ya mdomo, huiacha kwenye upande wa ndani wa mfupa, na ule ukingo wa mfupa ambapo msuli wa milohioidi umeshika, huweza kuchora kivuli kinachofanana kabisa na mfereji. Kinyume chake pia ni kweli: picha bapa huficha mifereji mingi. Kwenye picha za taya zima mgawanyiko huripotiwa kwa chini ya asilimia 1 ya watu, ilhali skani ya CBCT, inayoonyesha mfupa kwa vipande vyembamba, huuona mara nyingi zaidi sana. Picha safi haikuhakikishii kwamba mfereji ni mmoja.

Hatua ya 2: Rekebisha kimo kwa umri na kwa umbo la taya

Kwa mtoto mdogo tundu la taya liko usawa wa uso wa kutafunia au chini yake. Kadiri ramusi inavyorefuka tundu hupanda, na kwa mtu mzima sehemu ya kuchoma huwa milimita 6 hadi 10 juu ya uso huo. Anayemchoma mtoto wa miaka minne kwa kimo cha mtu mzima hupita juu ya shabaha. Anayemchoma mtu mzima kwa kimo cha mtoto hudondosha dawa chini ya tundu, mahali ambapo neva imeshaingia ndani ya mfupa na dawa haiifikii. Kosa la pili ndilo la kawaida zaidi. Ukiwa na shaka kwa mtu mzima, panda juu kidogo.

Kwa mzee asiye na meno usitegemee uso wa kutafunia ambao haupo. Tumia mbonyeo wa ukingo wa mbele wa ramusi: weka kidole gumba ndani ya mbonyeo huo, na mstari unaopita katikati ya ukucha kwenda nyuma ndio kimo chako.

Hatua ya 3: Choma sindano ya kawaida kwa vipimo

Tumia sindano ndefu ya geji 25 au 27, yenye urefu wa takriban milimita 32. Sindano fupi ya geji 30 usiitumie hapa; hupinda ikipita kwenye nyama, na ndiyo inayohusishwa zaidi na kuvunjikia ndani. Sindano ya aina yoyote usiizamishe mpaka kwenye kitako.

Bomba la sindano lilale juu ya magego madogo ya upande wa pili. Ingia kati ya mbonyeo wa ramusi na ule mkunjo wa utando unaoshuka nyuma ya gego la mwisho. Sogea taratibu mpaka uguse mfupa, kwa kawaida baada ya milimita 20 hadi 25, yaani theluthi mbili hadi robo tatu ya sindano. Rudi nyuma milimita moja, vuta pistoni uone kama damu inaingia, geuza bomba kidogo uvute tena, kisha toa mililita 1.5 kwa muda usiopungua sekunde 60. Kuvuta pistoni si adabu tu: katika sindano hii damu huonekana kwa takriban mgonjwa mmoja katika kila kumi, hata zaidi.

Mfupa wenyewe hukuambia umepotea wapi. Ukiugusa mapema, kabla nusu ya sindano haijaingia, ncha iko mbele mno. Rudi nyuma kidogo bila kutoa sindano, lete bomba mbele mpaka liwe juu ya chonge ya upande wa pili, kisha songa tena. Ncha itakwenda nyuma. Usipougusa kabisa, ncha iko nyuma mno na huenda inaelekea kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Rudi mpaka robo ya sindano tu ibaki ndani, peleka bomba nyuma juu ya magego, jaribu upya. Usitoe dawa pasipo mfupa. Wenye ramusi zilizotanuka nje au taya kubwa ndio hukusumbua zaidi hapa, kwa sababu mfupa wao unakimbia sindano.

Ukishatoa dawa, rudi karibu nusu ya njia, vuta pistoni tena, acha mililita 0.1 hadi 0.3 kwa ajili ya neva ya ulimi. Neva ya shavu haiguswi na sindano hii hata kidogo, kwa hiyo kama utabana fizi za nje za magego kwa klampu au utang'oa, toa mililita 0.3 kwenye utando wa shavu, nyuma na nje ya gego la mwisho. Mgonjwa anayelalamikia klampu hana neva ya ajabu. Umesahau hii tu.

Hatua ya 4: Subiri, kisha pima jino lenyewe

Mdomo huanza kufa ganzi ndani ya dakika 3 hadi 5. Kiini cha jino kinahitaji muda mrefu zaidi, dakika 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi. Mdomo ni dalili kwamba neva ya kidevu imelala. Hautoi hukumu juu ya jino. Pima jino kwa dawa ya baridi iliyopulizwa kwenye kipamba, au kwa kipima kiini cha umeme, na ulinganishe na jino zima la upande mwingine. Kama baada ya dakika 15 hadi 20 mdomo haujafa ganzi kabisa, sindano imekosa shabaha: rudi Hatua ya 2 na 3. Mengine yote hapa chini ni kwa mdomo uliokwisha kulala.

Jambo moja liondolewe mezani kwanza. Jino lenye kiini kilichovimba, lile linalomnyima mtu usingizi na kuwaka moto akinywa maji baridi, hukataa ganzi hata kama neva zote ziko mahali pake. Kwa jino kama hilo sindano za nyongeza zipange tangu mwanzo, usingoje mgonjwa apige kelele.

Hatua ya 5: Uliza maumivu yako wapi hasa

Hapa ndipo anatomia inapolipa. Usimuulize mgonjwa "inauma?" Gusa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na uandike.

Gego la kwanza linauma, hasa mzizi wa mbele, ilhali meno ya jirani yametulia: mshuku wa kwanza ni neva ya milohioidi. Neva hii inajulikana kama ya msuli, lakini kwa baadhi ya watu hubeba pia nyuzi za hisia zinazoingia kwenye mfupa kupitia matundu madogo ya upande wa ulimi. Tatizo lake ni kwamba hujitenga na neva ya meno ya chini juu ya tundu la taya, kwa wastani karibu milimita 15 juu, na kwa baadhi ya watu mbali zaidi ya hapo. Dawa unayoacha karibu na tundu inaweza isiifikie, tena kuna kano na tabaka la utando vinavyotenga njia zao.

Gego la mwisho, au fizi ya nyuma yake, bado ina hisia: fikiria mfereji wa nyuma ya magego. Hili ni tawi linalochepuka kutoka mfereji mkuu, au linaloingia mfupani kwa njia yake, na kujitokeza kwenye kibonde kilicho nyuma ya gego la mwisho. Huambatana na mshipa wa damu, kwa hiyo usishangae ukikata fizi hapo na damu ikatoka kuliko ulivyotarajia.

Magego kadhaa yana ganzi nusunusu, hakuna moja lililolala kabisa: mfereji uliogawanyika, hasa ule ambao una tundu la pili la kuingilia. Dawa imeloweka tawi moja, jingine liko macho.

Meno ya kato ya mbele yanahisi ingawa kidevu kimelala: nyuzi za upande wa pili zimevuka mstari wa katikati. Hili ni la kawaida mno, na ajabu yake ni kwamba bado watu huchoma tena kule nyuma kwa sababu ya jino lililo sentimita kadhaa mbele.

Ngozi ya pembe ya taya au ukingo wake wa chini inahisi: hiyo ni kazi ya matawi ya shingo, kutoka neva za pili na tatu za uti wa mgongo wa shingo. Hakuna sindano ya ndani ya mdomo inayozifikia vizuri. Toa dawa kidogo kutoka nje, chini ya ngozi ya eneo hilo, kama upasuaji unahitaji.

Hatua ya 6: Funga njia hiyo moja

Kwa milohioidi, sogeza ulimi kando kwa kioo. Ingiza sindano kwenye utando laini wa upande wa ulimi, chini ya ncha ya mzizi wa jino lililo nyuma ya lile linalouma. Sio jino lenyewe: neva inatoka nyuma, nawe unaikatia njia kabla haijafika. Songa milimita 3 hadi 5, vuta pistoni, toa mililita 0.6 kwa sekunde 20. Dakika 5 zinatosha. Usichome kwa nguvu wala kwa kina. Sakafu ya mdomo ina mishipa ya damu inayovimba haraka.

Kwa gego la kwanza ambalo halieleweki, kuna njia nyingine ambayo imethibitika kusaidia: katriji moja ya artikeini asilimia 4 yenye adrenalini kwenye fizi ya upande wa shavu, mkabala na gego hilo, baada ya sindano kuu. Lidokeini, dawa ya ganzi ya kawaida, mahali hapo haifanyi kazi sawa. Artikeini haipendekezwi kwa watoto wa chini ya miaka minne.

Kwa meno ya kato, toa mililita 0.6 upande wa mdomo karibu na ncha za mizizi, pande zote mbili za mstari wa katikati. Au funga neva ya kato ya upande wa pili: mililita 0.6 mbele ya tundu la kidevu, kisha bana kwa kidole kwa dakika 2 ili dawa iingie. Usiingize sindano ndani ya tundu lenyewe. Utaijeruhi neva kwa faida ndogo. Ukilikosa tundu pale ulipolitegemea, kati ya magego madogo mawili au chini ya la pili, kumbuka kwamba wapo wenye tundu la ziada upande mmoja.

Kwa jino moja sugu, sindano ya kano ya jino (nyuzi zinazoushika mzizi mfupani) humaliza ubishi: mililita 0.2 kwa kila mzizi, polepole, sekunde 20 kwa uchache. Ukiona dawa inarudi nje bila kupambana na wewe, haiko mahali pake.

Hatua ya 7: Panda juu, pale neva hazijagawanyika

Kwa mfereji uliogawanyika wenye tundu la pili chini zaidi, dawa ikiwekwa chini kidogo ya alama ya kawaida inaweza kutosha. Lakini kama hujui tawi la pili linaingilia wapi, busara ni kwenda juu na kulichukua shina zima kabla halijatawanyika.

Njia ya Gow-Gates, iliyotangazwa mwaka 1973, inalenga shingo ya kondaili, yaani kichwa cha taya kinachoungana na fuvu mbele ya sikio. Mgonjwa afungue mdomo kabisa na abaki hivyo. Chukua mstari kutoka pembe ya mdomo hadi mbonyeo wa chini wa sikio la upande huo. Bomba lako lifuate mwelekeo huo. Ingia nyuma ya gego la pili la juu, usawa wa ncha yake ya mbele upande wa kaakaa. Songa milimita 25 hivi mpaka mfupa. Hakuna mfupa, hakuna dawa. Vuta pistoni, toa katriji nzima ya mililita 1.8, na mgonjwa asifunge mdomo kwa dakika moja au mbili. Hukamata neva ya meno ya chini, ulimi, milohioidi, na mara nyingi ya shavu pia. Gharama yake ni subira: huchelewa kuanza kuliko sindano ya kawaida.

Kama mgonjwa hawezi kufungua mdomo, tumia njia ya mdomo uliofungwa inayobeba jina la Akinosi, aliyeieleza mwaka 1977. Sindano hupita sambamba na uso wa kutafunia, usawa wa pale fizi za magego ya juu zinapokutana na utando wa shavu, ikisonga milimita 25 kati ya ramusi na mfupa wa juu. Mkato wa ncha uangalie katikati ya mdomo, mbali na ramusi, ili sindano ijipinde kuelekea mfupani. Hapa hutagusa mfupa, basi kina ndicho kipimo chako pekee.

Hesabu dawa kabla ya katriji ya tatu

Sindano za nyongeza hujumlika kimyakimya. Kwa lidokeini asilimia 2 yenye adrenalini, kikomo cha mtu mzima ni miligramu 7 kwa kilo, isizidi 500. Katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 36, ya 2.2 ina 44. Kwa mtoto wengi hushika kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo: mtoto wa kilo 15 ana nafasi ya miligramu 66, yaani katriji moja na nusu ya mililita 2.2, na hapo ndipo mwisho.

Kwa mgonjwa wa moyo adrenalini ndiyo inayobana, si lidokeini. Kikomo ni miligramu 0.04. Katriji mbili za mililita 1.8 zenye 1:100,000 zina 0.036, zinaingia. Katriji moja ya mililita 2.2 yenye 1:80,000 ina 0.0275, kwa hiyo ya pili tayari imevuka. Mgonjwa akisema midomo yote inachonyota, masikio yanavuma, au ladha ya chuma imejaa mdomoni, simama.

Yanayoharibika

Mshtuko kama wa umeme kwenye ulimi au mdomo maana yake umegusa neva. Usitoe dawa hapo. Rudi milimita moja au mbili, subiri, elekeza upya. Ncha iliyogonga mfupa mara kadhaa huweza kupinda ikawa ndoana. Badilisha sindano kabla ya kuchoma tena, kwa sababu ndoana hiyo hukata neva wakati wa kutoka.

Mgonjwa akishindwa kufumba jicho la upande uliochoma, dawa imeingia kwenye tezi ya mate na kulaza neva ya uso. Huisha saa chache baadaye pamoja na ganzi. Toa lenzi kama anavaa, fumba jicho kwa pedi, mweleze, ahirisha kazi.

Ukimng'oa gego la mwisho, mkato wa nyuma uelekee nje, upande wa shavu, usinyooke. Ramusi imetanuka nje, na neva ya ulimi kwa baadhi ya watu hupita usawa wa ukingo wa mfupa au juu yake, chini ya fizi tu. Kwa anayepandikiza jino bandia mbele ya tundu la kidevu, pima kwenye CBCT kama neva inakwenda mbele na kujikunja kurudi kabla ya kutoka. Urefu wa kikunjo hicho hautabiriki kwa macho.

Jambo la mwisho ni faili. Mgonjwa huyu atarudi, pengine kwa mhudumu mwingine, akiwa na neva zilezile. Mistari miwili inatosha (36 na 37 ni gego la kwanza na la pili la chini kushoto): "Gego 36. Lidokeini 2% 1:100,000, mililita 1.8 sindano ya kawaida upande wa kushoto. Mdomo na ulimi ganzi dakika ya 4. Mzizi wa mbele bado unahisi baridi dakika ya 15. Umelala baada ya mililita 0.6 upande wa ulimi, chini ya 37."